Meno Meusi ya Noela na Mdomo Wangu

Jumatatu, 21 Julai 2025

Baridi kali. Kikao cha kamati ya harusi jana kimeniharibia usingizi. Oliva, mdogo wake Walburga mke wangu, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na binti yetu Noela, miaka minne na nusu, ndiye aliyepangwa kutangulia mbele ya bibi harusi na kikapu cha maua. Heshima hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Nani aliyepaka ukumbi? Mimi, Dastan, mwenye duka la rangi mtaa wa Mfaranyaki, niliyeanza maisha na brashi moja tena ya kuazima.

Jana Noela kashindwa kutafuna makande mbele ya watu. Kashika shavu, kalia. Kumbe meno ya mbele yametoboka, na gego moja nalo lina shimo. Mwenyekiti wa kamati, shemeji yangu Athanasi, akasafisha koo. Akasema bibi harusi anahitaji mtoto anayecheka, si anayelia, na kwamba binti yake Benadeta ana gauni tayari.

Gauni tayari. Limeshonwa lini, kama si njama?

Jumanne, 22 Julai

Nimempeleka Noela kwa Daktari Mwamvua, mtu wa Tunduru, mwenye kliniki ndogo ya meno njia ya Ruhuwiko. Nilivaa suti. Nilimweleza wazi kwamba nataka mtoto apasuliwe. Sibahatishi. Benadeta alikatwa tonsesi mwaka juzi na mpaka leo Athanasi anasimulia, kila msiba, kila kipaimara. Mtoto wangu naye alazwe, alazwe usingizi, watu waje na chupa za uji.

Daktari akamwangalia Noela mdomoni kwa tochi. Akasema hakuna cha kupasua. Akaniuliza mtoto anakunywa nini kabla ya kulala. Nikamjibu kwa fahari kwamba anakunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, kwenye chupa yake, mpaka asinzie. Mimi nililelewa Matogoro kwa chai ya rangi. Wangu hawezi kulelewa hivyo. Daktari akaandika kitu, hakunipongeza.

Halafu akasema kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha. Anaipaka kwenye jino kwa brashi ndogo, hakuna sindano, hakuna kuchimba, uozo unasimama. Ila palipooza panageuka peusi, na weusi hautoki mpaka jino la utoto lidondoke lenyewe.

Nikasimama. Nilimwambia daktari kwa adabu kwamba katika kazi yetu hakuna fundi anayepaka juu ya kutu bila kukwangua. Na meusi tena! Mbele ya kamera ya harusi! Akasema, "Baba, jino si geti." Nikamchukua mwanangu tukaondoka vichwa juu.

Alhamisi, 24 Julai

Noela hajala ugali tangu juzi. Anameza uji baridi upande mmoja wa mdomo kama mzee. Leo alfajiri kaniambia dudu linamtafuna. Niliingia stoo nikajifanya nahesabu makopo.

Walburga kanifuata huko huko. Kasema, "Baba Noela, unakuja au huji, sisi tunaenda." Kitenge kimeshafungwa, mtoto yuko mgongoni. Nimeona ni busara kuongoza msafara.

Kazi yenyewe nimeikagua. Noela kakaa mapajani kwangu. Daktari kamwambia ahesabu vidole vya baba. Kamfuta jino kwa pamba likakauka, kampaka mafuta ya mgando midomoni, kisha brashi ndogo kuliko ya wanja. Noela alikuwa bado anahesabu vya mkono wangu wa kushoto, kaambiwa kazi imekwisha. Hakulia. Damu ya kwetu.

Lakini mimi ni mtu wa rangi, sikubali bidhaa kwa maneno. Kwenye kisahani kilibaki tone. Nikachovya kidole, nikalisugua kati ya kidole na gumba kama ninavyopima thina ya kuzimulia rangi, nikanusa, nikapangusa sharubu nikitafakari. Daktari alipaza sauti, "Baba, baba, baba!" Nikamtuliza kwamba niko kwenye biashara hii miaka ishirini. Dawa yenyewe nyepesi, haina hata rangi. Maji matupu, nikamwambia Walburga njiani. Tumepigwa.

Ijumaa, 25 Julai

Si maji.

Meno ya Noela ni meusi pale palipooza, kama alivyosema daktari. Vidole vyangu viwili ni vyeusi. Ncha ya pua ni nyeusi. Juu ya mdomo, chini ya sharubu, kuna mfereji mweusi kama nimelamba sufuria ya msibani.

Nimejaribu sabuni ya unga. Thina. Msasa laini, mara moja tu. Sasa ngozi ni nyeusi na inauma. Nimempigia daktari. Kasema haina madhara, itaondoka yenyewe ngozi ikibadilika, wiki moja hadi mbili, na ndicho alichotaka kuniambia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema mara tatu.

Walburga kacheka mpaka kakaa sakafuni. Noela kala makande sahani mbili, upande wa gego baya. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyotafuna. Moshi wa jiko uliniingia machoni.

Jumapili, 27 Julai

Leo nimetumia akili. Kabla ya misa nilifungua duka, nikachanganya rangi ya ngozi yangu. Kahawia, njano kidogo, nyekundu tone. Kazi safi, mteja asingejua. Nikapaka juu ya mdomo na kwenye pua. Kanisani sikuimba, nilitikisa kichwa tu kwa uchaji.

Kamati ikakaa baada ya misa, nyumbani kwa Athanasi. Noela akapiga mwayo, na Athanasi hakupoteza muda. Akaomba wajumbe watazame wenyewe. Akasema picha za harusi zinakaa miaka na miaka, wajukuu watauliza yule mtoto alikula mkaa? Akapendekeza Benadeta. Mkewe akapiga makofi peke yake.

Nikainuka kujibu. Nilikuwa na hotuba ya pointi nne. Katika pointi ya kwanza rangi ikapasuka. Kipande kikadondoka kwenye chai ya katibu. Athanasi akaniinamia, "Shemeji, unabanduka."

Noela, bila kuulizwa, akapanda kwenye kiti. Akamwambia Oliva, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, "Mama mdogo, dudu langu limekufa. Tazama. Baba naye amepakwa kwa sababu hakusikia daktari." Akafungua mdomo mpaka koo likaonekana.

Oliva alitazama. Akamuuliza kama linauma. Noela akasema haliumi, na akang'ata kipande cha muhindi wa kuchoma kuonyesha. Oliva akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema wiki nzima dada yake amekuwa akimpigia simu akilia kwamba mtoto hali chakula. Yeye anataka huyu huyu, na acheke hivyo hivyo, mdomo wazi. Bibi harusi akishasema, mwenyekiti ni nani?

Nimeandika hapa kwa kumbukumbu kwamba mtoto huyo nimemlea mimi.

Jumamosi, 2 Agosti

Harusi. Noela katangulia na kikapu, gauni jeupe, meno meusi, kacheka kuanzia mlango wa kanisa hadi altareni. Alimwaga maua yote kabla ya nusu ya njia, akarudi kuyaokota, akamwaga tena. Watu walipiga vigelegele kwake kuliko kwa bwana harusi. Mimi nilishika leso mdomoni. Wengi walidhani ni uchungu wa kumkabidhi shemeji, nikawaacha wadhani.

Ukumbini wanawake watatu walinifuata kuuliza kuhusu meno. Nikawaeleza yote. Uozo unasimama, mtoto haguswi na sindano, chai ya sukari kitandani basi. Nikasema dawa hiyo nimeipima kwa mkono wangu, na nikatoa vidole kama ushahidi. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuumwa jino tangu nizaliwe, ni suala la nidhamu. Duara likawa kubwa. MC akaomba tupunguze sauti.

Kisha ikaja saa niliyoingoja tangu nioe ukoo ule. Athanasi kanivuta nyuma ya spika. Kaongea chini chini. Eti Benadeta naye hapati raha akitafuna, eti yule daktari yuko wapi hasa. Nilimwelekeza. Kwa sauti. Nilirudia njia mara mbili ili hata meza ya wazee ijue anakwenda wapi.

Jumatatu, 4 Agosti

Mdomo umeanza kutakata. Noela kaamka anaimba, kapiga mswaki bila kufukuzwa.

Jana nilikuwa namalizia nyama ya harusi iliyobaki. Kitu kikalia ndani ya shavu. Gego langu la chini, kulia, limepasuka, na ndani pana tundu ambalo ulimi unaingia. Nikinywa maji baridi naona nyota. Walburga kasema twende kwa Mwamvua sasa hivi. Kwa Mwamvua? Athanasi anampeleka Benadeta leo leo, wanitazame kwenye benchi nimeshika shavu, mimi niliyehutubia ukumbi mzima? Nimemwambia ni upepo tu.

Dukani nina puti mpya, ile ya kuziba nyufa. Nimesoma kopo lote. Linasema inafaa ukuta wa ndani na wa nje, haipiti maji, inakauka kwa saa mbili. Halijakataza popote.

Nafungua duka saa tatu. Muda upo.