Kilo Mia Moja za Rangi Nyekundu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kilo tisini na tano. Tena. Huu ni mwezi wa nne. Napandisha chuma mpaka mabegani vizuri, nakisukuma juu ya kichwa vizuri, nakishusha vizuri. Mwalimu akiongeza kilo tano tu ili zitimie mia, magoti yanakataa. Hayaumi. Yanakataa tu, kama karani aliyekwisha funga dirisha.

Habari kubwa ya leo: mashindano ya vilabu ni mwezi ujao, na kila klabu inapeleka mtu mmoja katika uzito wetu. Katika uzito wetu tuko wawili, mimi na Kimya. Majaribio ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Atakayekuwa wa kwanza kuinua mia ndiye atakayekwenda. Atapewa fulana ya klabu yenye jina lake mgongoni.

Kimya ni mwoka mikate. Anaitwa hivyo kwa sababu husema maneno matano kwa wiki, na matatu kati ya hayo ni "habari za jioni". Kutwa anabeba magunia ya unga, kisha anakuja jimu kama mtu aliyekuja kupumzika. Naye amekwama tisini na tano. Tofauti yetu ni kwamba yeye halalamiki, jambo ambalo naliona ni la kujionyesha.

Mwalimu kaniita kando. Akasema sijakwama, nimechoka. Kutwa niko juu ya ngazi napaka mabango ya watu, jioni nainua mpaka nguvu ya mwisho, na tangu Januari sijapumzika hata wiki moja. Wiki hii nisizidi themanini, nile vizuri, nilale mapema. Nikasema sawa, Mwalimu.

Themanini! Mbele ya Kimya! Si bora nije na mkongojo wa Bibi. Nilisema sawa kwa sababu kubishana na Mwalimu kunachukua muda. Kutomtii hakuchukui muda wowote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: mayai. Katika gazeti la zamani tunalotandika kwenye meza ya kazini nilisoma habari za mtu aliyekula mayai kumi na mawili kila asubuhi mpaka shingo yake ikawa pana kuliko kichwa. Picha ya shingo ilikuwa na doa la rangi, lakini nimeamini.

Chini ya meza ya jikoni kulikuwa na kikapu cha mayai kumi na moja. Nikayachemsha yote. Nikayala nimesimama, bila chumvi, kama mtu aliye kazini.

Saa tatu Bibi akaulizia mayai yake. Kumbe alikuwa akiyakusanya wiki nzima ili kuku wake ayaatamie. Nikamweleza kuwa ni kwa ajili ya klabu. Hakupandisha sauti.

"Mjukuu wangu," akasema, "umekula vifaranga kumi na mmoja na hujanenepa hata shavu."

Hukumu ikafuata hapo hapo. Kwa kuwa nimemnyang'anya kuku kazi yake, basi na niishi kama yeye: jua likizama, nami ndani, kitandani, mpaka Jumamosi. Mlango ataufunga mwenyewe. Nina miaka ishirini! Nikamtazama Mama anitetee. Mama akaendelea kukunja nguo.

Mchana tumbo limechafuka vibaya. Sikwenda mazoezini. Kimya bila shaka amekwenda.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Aibu. Bibi amenipa bakuli la uji akasimama mlangoni mpaka nikaonyesha sakafu ya bakuli.

Mpango wa pili ulinijia nikiwa juu ya ngazi, nikiandika neno VIATU. Sahani za uzito za klabu yetu hazikutoka kiwandani. Mwashi mmoja, rafiki wa Mwalimu, alizimwaga kwa saruji ndani ya karai moja. Ukiacha zile ndogo za kuongezea, zote zina upana mmoja na unene mmoja. Zile nzito zimejazwa vyuma chakavu ndani, nyepesi ni saruji tupu. Kinachozitofautisha ni rangi: nyekundu kilo ishirini, buluu kilo kumi. Na mpakaji wa rangi ni nani?

Wiki hii zamu ya kufagia jimu ni yangu, kwa hiyo ufunguo ninao. Adhuhuri, watu wakiwa wamekwenda kula, nikazipaka sahani mbili za buluu rangi nyekundu, na mbili nyekundu nikazipaka buluu, ili idadi isiharibike. Nyuma ya nyekundu zangu za uongo nikakwaruza alama ndogo kwa msumari. Kazi safi kabisa, safi kuliko lile bango la viatu, ambalo bosi anasema herufi zake zinatetemeka.

Bosi akauliza nusu kopo la rangi nyekundu limekwenda wapi. Nikamwambia herufi V inakula sana rangi. Akanitazama, akalitazama bango. Herufi zote za bango lile ni nyeusi.

Jioni nikavisha sahani nne nyekundu kwenye nondo, ambayo yenyewe ni kilo ishirini: mbili za kweli na mbili zangu. Kwa macho ya watu, mia moja. Kwa kweli ni themanini. Nikaziinua mara mbili, nikikunja uso kwa makusudi. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Mwalimu akasema nimemkaidi, yeye aliagiza themanini, na mia ya Jumatano haihesabiki Jumamosi. Akanikataza kuigusa tena leo. Raha iliyoje kukaripiwa kwa sababu ya nguvu!

Kimya alishtuka, hilo niliona. Akachukua zile buluu mbili apashe misuli, akainua, akashusha upesi. Akazitazama. Akainama akazitazama tena. Kisha akaenda kwenye meza ya Mwalimu, wakanong'ona dakika nzima. Nadhani anaomba kujitoa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Bahati haiji peke yake. Zile buluu za uongo, ambazo ndizo zingeniumbua, Mwalimu amezitoa kwenye rundo akazitumia kuzuia mlango usijifunge. Mungu mkubwa.

Nimeinua "mia" yangu mara mbili nyingine. Mwalimu hakukaripia leo. Alikaa na daftari lake akisema vizuri, vizuri, sasa nenda nyumbani, jua linashuka, Bibi yako ametuma salamu. Sijui wamejuana lini hao wawili.

Jambo moja linanikera. Kwa kuwa ninachoinua hasa ni themanini, wiki inapita bila mazoezi ya maana. Nikaona nifidie uani, niinue ndoo za maji mbili mbili kabla ya kulala. Bibi akatokea na taa, akasema kuku habebi ndoo. Nimeingia ndani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Jimu limefungwa. Mwalimu amesema ni usafi, na ameuchukua ufunguo ili afagie mwenyewe. Mzee mnyenyekevu. Nilipopita dirishani nikasikia harufu ya rangi mbichi, kumbe yangu bado haijakauka. Nikumbuke: saruji inachelewesha.

Mwili sielewi umekuwaje. Hauumi popote. Ngazi naipanda bila kujishika kiuno. Herufi zimenyooka, bosi kasema mwenyewe. Njaa haiishi. Hizi lazima ziwe dalili za kupungukiwa nguvu, maana mtu mwenye mazoezi huumwa.

Naogopa. Wacha niandike, hakuna mtu anayesoma. Naitaka ile nafasi. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, isipokuwa shuleni nilipochaguliwa kupaka ukuta wa choo. Majina ya watu ninayaandika kila siku. Langu sijawahi kuliandika mahali. Nataka kuliona mgongoni mwa ile fulana.

Kwa bahati nzuri kesho chuma kitakuwa cha kilo themanini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Saa nne. Watu kama thelathini. Hata Bibi alikuja, kapewa kiti cha mbele. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyevisha sahani, nne nyekundu za juu ya rundo, pale nilipoziacha zangu, akakaza vibanio. Tukachomoa vijiti. Nikapata kirefu, kwa hiyo naanza. Kimya akaketi akifunga kamba za viatu.

Nikasogea bila wasiwasi. Themanini si kitu, nimeiinua mara nne wiki hii. Nikavuta. Ilikuwa nzito kuliko Alhamisi. Nikajua ni ule uji. Ikafika mabegani, magoti yakaanza kufikiria. Nikajiambia haiwezekani nikashindwa themanini mbele ya Bibi. Nikasimama. Nikasukuma. Mikono ikanyooka, chuma kikatulia juu. Mwalimu akasema shusha, akaandika jina langu kwenye daftari lake. Nililiona kwa macho yangu, kwa wino.

Nafasi ilikuwa yangu. Kilichobaki kwangu kilikuwa kuketi tu.

Mwalimu akasema Kimya naye ajaribu, awe mtu wa akiba. Kimya akainua. Bila kukunja uso. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mwanamke mmoja akasema huyu ndiye mwanamume. Kwa kilo themanini! Mimi ninajua ni themanini, wao wanapiga makofi, na yeye anayapokea kama haki yake. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, labda sekunde kumi. Nikasimama.

"Hizo si mia," nikasema. "Ni themanini. Mbili ni za kilo kumi, nimezipaka mimi mwenyewe."

Mwalimu hakuonekana kushangaa. Aliniomba nirudie ili walio nyuma wasikie. Nikarudia. Nikaenda kugeuza sahani niwaonyeshe alama ya msumari. Ya kwanza haina. Ya pili haina. Nikazigeuza zote nne, kisha nikaanza upya.

Ndipo Mwalimu akaburuta kutoka chini ya meza mizani aliyoazima kwa muuza nafaka. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Akaniletea sahani ya buluu kutoka kwenye rundo, akaigeuza. Alama yangu ilikuwa pale. Akaeleza kuwa Kimya aligundua Jumatano, na kwamba yeye alirudisha kila rangi mahali pake jana. Tangu Jumatano hiyo aliniacha niendelee kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona ya kunifanya niinue themanini kama alivyoagiza.

Kwa hiyo niliinua mia. Mia ya kweli! Nilifurahi sana, kwa muda wa kama pumzi tatu.

"Mikono yako imeinua mia," Mwalimu akasema, "lakini wewe ulisogea pale kuinua themanini na kutudanganya sisi. Atakwenda mwenzako."

Akalikata jina langu kwa mstari mmoja. Imeniuma. Imeniuma kuliko nilivyotarajia, na bado inauma ninapoandika.

Kimya akaja akanishika bega. Akasema, "Umeinua vizuri sana." Maneno matatu. Sijui wiki hii atabakiwa na mangapi.

Tulipofika nyumbani Bibi akaniambia sasa niko huru, naweza kulala nipendapo. Nililala jua halijazama.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mwalimu alikuja nyumbani. Amekunywa chai na Bibi, wakazungumza juu yangu kama sipo. Akanieleza taratibu: nilipunguza uzito wa chuma, nikala, nikalala, ndiyo sababu mia ikakubali. Hakuna siri nyingine. Baada ya miezi mitatu kuna majaribio mengine, na kama nitafanya hivyo hivyo bila ujanja, nafasi ninayo. Nikasema sawa, Mwalimu.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, na ukweli nimeuona mwenyewe. Nguvu ninazo. Zilikuwapo siku zote. Tatizo ni macho. Macho yakiona mia, magoti yanakataa. Yakidhani ni themanini, yanakubali. Kwa hiyo mwalimu wangu wa kweli ni rangi.

Kesho nitaomba kopo la rangi ya buluu kwa bosi. Nitazipaka nyekundu zote buluu. Nitavisha sahani sita, nitadhani ni themanini, nitainua mia na arubaini, na Kimya atarudi kwenye unga wake. Kuna kikwazo kimoja tu: mpakaji nikiwa mimi, nitajua. Basi nitapaka nimefumba macho.

Kuhusu mayai, sikukosea, nilikosea hesabu. Gazeti lilisema kumi na mawili, mimi nilikula kumi na moja. Nimechungulia kwenye kikapu cha Bibi. Yamo manne. Nitasubiri.