Kimya Kikuu na Pumzi ya Veijo

Kuopio, Jumanne, 4 Novemba

Imebaki nafasi moja. Timu ya klabu yetu inakwenda Gothenburg kwenye mashindano ya nchi za Kaskazini. Watu wanne, watatu wameshapatikana. Nafasi ya nne tutaigombania Jumamosi, mimi na Veijo Tiilikainen, mpiga kinanda mstaafu wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Mwaka jana nilikwenda kama mtu wa akiba. Nilibeba mikoba. Nilishika makoti ya watu. Sirudii.

Mchezo wetu wa kadi unaitwa Mizizi na Moto. Wanaotuchungulia kwenye chumba cha chini cha maktaba hudhani sisi ni watu wazima tunaobadilishana picha za mazimwi. Wajinga hao. Nimesoma wanafalsafa, nimesoma sheria za Warumi, nimegombana gazetini na madiwani wa vyama vyote, na bado sijaona maandishi ya binadamu yanayokikaribia kitabu cha kanuni za mchezo huu.

Ushahidi wa leo. Nina kadi mpya, Kimya Kikuu. Imeandikwa: kila kilichopo mezani kinapoteza uwezo wake. Basi. Lakini Kimya Kikuu nacho kipo mezani! Kwa hiyo kinajinyang'anya uwezo. Kwa hiyo hakinyang'anyi kitu. Kwa hiyo kina uwezo tena. Kwa hiyo kinajinyang'anya. Nilizunguka hivyo asubuhi nzima mpaka uji ukaungua.

Jioni nikampelekea swali mwamuzi wetu, Hilkka Auvinen, mhadhiri wa hisabati. Hakufungua hata kitabu. Alisema mtu akizima taa zote za nyumba, naye hubaki gizani, lakini taa zimezimika vilevile. Kimya Kikuu kinajinyamazisha, ndiyo, ila kazi yake imeshaanza kabla hakijanyamazishwa, na kanuni inasema kazi iliyoanza humalizwa.

Sheria inayojifuta, na bado inatawala. Nilirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa, theluji ya majimaji ikinipiga usoni, kofia mkononi kama niliyetoka ibadani. Na mimi ibadani siendi.

Jumatano, 5 Novemba

Silaha nimeipata. Kadi inayomlinda Veijo ni Kengele ya Nyikani. Kila zamu yake inapoanza, kengele inalia na yeye anaongezewa uhai, kwa sharti moja: atangaze. Asipotangaza, imempita.

Sasa, Veijo hutangazaje? Anavuta pumzi. Ile "joo" yetu Wafini ya kuvuta ndani, ndiyo isiyotoka mdomoni bali inaingia, ambayo bibi zetu waliitumia kukubali kahawa, posa na habari za msiba. Tangu lini mtu akatangaza kwa kuingiza hewa? Upepo ukiingia dirishani, tuuite hotuba?

Nimeandika malalamiko rasmi. Kurasa kumi na moja. Nimeanzia kwa Wagiriki. Nimethibitisha kwamba tangu ustaarabu uanze, neno ni kitu kinachomtoka mtu, na kinachomwingia ni chakula. Hilkka akikubali, kengele ya Veijo haitalia tena, maana Veijo kusema kwa sauti hawezi, atakufa kwanza. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Alhamisi, 6 Novemba

Malalamiko yamesikilizwa, juu ya kahawa na mikate ya iliki. Raija, nahodha wa timu, anayeuza samaki sokoni, aliuliza kwa sauti ya sokoni ikiwa ni kweli. Kurasa kumi na moja, Osmo bwana, kwa sababu mzee wa watu anapumua? Na asipopumua utaandika ngapi?

Nilimwambia misingi haina mzaha. Akasema misingi yangu inanuka woga wa Jumamosi. Veijo aliangalia mkate wake.

Hilkka alikuwa amesoma zote, pamoja na tanbihi. Sikuzoea. Mhariri wa gazeti hajawahi kufika ukurasa wa pili. Akauliza swali moja tu: Veijo anapovuta ile pumzi, wewe Osmo unaelewa anachotaka?

Jibu nilikuwa nalo, "hapana", nimelinoa tangu jana. Nikafungua mdomo. Nikavuta pumzi ndani. Joo.

Chumba kizima kilisikia. Raija akasema haya, shahidi ameshaapa, tuendelee na kahawa.

Kisha ukaja uamuzi, na hapa lazima niwe mkweli mbele ya karatasi hii. Hilkka alisema kanuni haidai sauti; inadai wachezaji wote wawili waelewane. Tena sisi ni watu wa Savo, mkoa huu, na inajulikana kwamba Msavo akishasema, dhamana ya kuelewa inamhamia msikilizaji. Kwa hiyo kuanzia leo, katika klabu hii, pumzi ya ndani ni tamko kamili, kwa kila mtu na kwa kila jambo. Alilijenga neno kwa neno, kama fundi apangaye mawe ya ukuta bila saruji, na nilipotafuta ufa nipenyeze kisu sikuuona. Nilitaka kukasirika. Nywele za mikono zilinisimama. Bibi zangu wote, wafu hao, wameingizwa katika sheria ya mchezo, na kumbe nafasi yao ilikuwa wazi ikiwasubiri.

Nimeshindwa, lakini nimeshindwa na kitu kikubwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kwani kwa nini nimzibe Veijo mdomo, wakati naweza kuiziba kengele yenyewe? Kimya Kikuu! Kikishuka mezani, kengele yake inakuwa chuma tu. Dubu wake Mzee, anayejiponya kila akijeruhiwa, anabaki mnyama wa kawaida. Mbwamwitu wangu hawapungukiwi na kitu, maana hawakuwa na uwezo wowote tangu mwanzo, wanauma tu.

Nilikutana na Veijo kwenye soko la ndani akinunua mkate wa samaki. Alisema, "Kesho..." akaishia hapo. Vitisho, bila shaka.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kabla sijavua koti.

Mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Veijo alikuwa amebakiwa na uhai kidogo, mbwamwitu wangu wamejipanga, zamu ni yangu. Mpango: kwanza Kimya Kikuu, kisha shambulio, kisha Gothenburg. Nikakishusha.

Nikakitazama kikifanya kazi. Kengele ikanyamaza. Dubu akanyamaza. Kisha, mbele ya macho yangu, chenyewe nacho kikanyamaza, na kunyamaza kwake hakukumrudishia mtu yeyote sauti. Kadi ni zilezile, karatasi na wino, na juu yake sheria imelala imara, haina wa kuishikilia, haianguki. Nikasema moyoni, hata nyota labda zimetundikwa hivi. Machozi yalinilengalenga. Sioni haya.

Veijo akaniuliza, polepole, sentensi kamili ya kwanza niliyoisikia kwake: "Umemaliza zamu yako?"

Na mimi, katika ule uzuri, nikavuta pumzi ndani.

Akachukua kadi yake. Nikaruka. Nikasema ngoja, mzee, sijashambulia, ile ilikuwa pumzi tu, nilikuwa nastaajabu! Tukamwita Hilkka. Akamuuliza Veijo alielewa nini. Veijo akasema alielewa kuwa ndiyo. Akaniuliza mimi kama swali la Veijo nililisikia. Nililisikia. Akasema basi zamu imekwisha, na akaongeza, bila kejeli hata chembe, kwamba kama si malalamiko yangu ya Alhamisi, jambo hili lingekuwa na utata.

Dubu Mzee, mnyama wa kawaida, akanimaliza zamu hiyohiyo.

Raija alinipiga bega. Alisema usituone wabaya, Osmo, umejipalia makaa kwa koleo lako mwenyewe, lakini mikoba ya Gothenburg bado inahitaji mtu. Veijo alinishika mkono na kusema mchezo ulikuwa... Nikamngojea. Hakuendelea.

Jumatatu, 10 Novemba

Hilkka amepiga simu. Nilidhani ananipa pole. Hapana. Alisema mchezaji anayetokwa machozi kwa ajili ya kanuni katikati ya zamu yake hatashinda kamwe, lakini mwamuzi wa namna hiyo ameshamtafuta kwa miaka. Je, nitakubali kufundishwa? Niende Gothenburg kama mwanafunzi wake, nisimame nyuma yake mezani, nitazame.

Nilivuta pumzi. Akasema vizuri, amesikia, na kitabu kikubwa cha waamuzi kimeshatumwa.

Kimefika leo mchana. Ni kizito kama mtoto mchanga. Nilinawa mikono kabla ya kukifungua. Nilikaa nacho dirishani, nikajiona mdogo, mwepesi, na msafi. Chuki zote za wiki zilinitoka. Veijo nilimsamehe, hata nikamwonea huruma, maana atacheza katika nuru hii bila kuiona.

Ukurasa wa kwanza, kanuni ya kwanza: mwamuzi hana upande.

Nimeisoma tena. Haisemi lolote kuhusu mwanafunzi wa mwamuzi.

Nimeanza kuandika hoja zangu kwa Hilkka. Ukurasa wa nne sasa.