Mguu wa Nne wa Benchi

"Jamani, tumeula!" Waraka alianza kupiga kelele akiwa bado ng'ambo ya barabara, gazeti kalishika mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la moto. "Miaka ishirini na mitano tu! Jiji letu linakuwa kitovu cha biashara duniani!"

"Vuka kwanza usigongwe," Breki akamjibu. "Hiyo miaka ishirini na mitano inataka mtu mzima."

Waraka alikuwa tarishi mstaafu wa mahakama ya ardhi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuamini jambo lolote mpaka aone karatasi, na akishaiona karatasi aliamini kila kilichoandikwa. Breki alikuwa dereva wa lori ambalo lilikuwa gereji tangu mwaka juzi. Alichobaki kuendesha ni mdomo, na huo haukuwa na breki. Shangazi aliwauzia kahawa. Nyuma ya benchi, ndani ya kibanda chenye upana wa mlango mmoja, alikaa Dakika, fundi saa, mwaka wa ishirini na saba sasa.

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu ya mbao. Wa nne ulikuwa jiwe.

"Soma basi," alisema Shangazi. "Usitutie hamu halafu ukakaa kimya."

"Minara ya vioo, ghorofa themanini! Treni ya juu kwa juu! Barabara ya njia nane! Mabenki ya dunia nzima yatahamia hapa!"

"Ghorofa themanini," Breki akarudia taratibu. "Na umeme ukikatika mtu yuko ya sabini na tisa?"

"Atashuka kwa ngazi."

"Basi ndiyo maana wametaka miaka ishirini na mitano. Wamehesabu na ya kushukia."

"Wewe kazi yako kukejeli tu, bwana!"

"Sikejeli, kaka. Nauliza kama mwekezaji. Bombani maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Tajiri wa dunia akifika Jumatano anaoga nini, vioo?"

Shangazi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akalivuta gazeti na kuitazama picha ya jiji lijalo. "Mbona birika langu silioni? Watu wote humu wamebeba mikoba, wanatabasamu. Hakuna hata mmoja anayeruka mtaro."

"Mtaro utafukiwa, Shangazi."

"Walishaufukua mara nne. Sijawaona wakiufukia."

Dakika alinyoosha mkono kupitia dirishani. "Hebu nipeni."

Akabana kioo chake cha kukuzia jichoni na kuiinamia picha kama anavyoinamia saa ya mtu. Aliitambua kona ya barabara. Akaifuata kwa ncha ya kibano mpaka pale kibanda chake kilipopaswa kuwa, akaganda.

"Umeona nini?" Breki akauliza.

"Hapa nilipokaa pana mbwa."

"Mbwa wa nani?"

"Sijui. Mweupe, ana mkanda shingoni. Anaonekana anatoka familia bora."

Walicheka wote isipokuwa yeye. Kibanda hicho kilikuwa kimewasomesha binti zake watatu. Tangu wiki iliyopita, tangazo lilipopita kwamba wapimaji wa barabara ya njia nane watakuja kuweka alama za kubomoa, alikuwa akikaza skrubu ileile mara mbili.

"Usinune, Dakika," Waraka akamwambia, kwa sauti ya mtu anayefariji akiwa mahali salama. "Maendeleo yana maumivu. Ni lazima wengine wapishe."

"Wengine ni nani hao?"

"Wengine... si wengine tu!"

Waraka alipanga chumba cha chini katika ghorofa la Diwani, lililosimama nyuma ya kibanda, na ukuta wake ulikuwa umepakwa rangi mpya. Dakika alimtazama, akautazama ukuta, akarudi kwenye skrubu.

Hapo ndipo walipotokea wapimaji wawili, wamevaa fulana za manjano, mmoja kabeba chombo cha miguu mitatu, mwingine kopo la rangi nyekundu.

"Shikamooni, wazee. Tunatafuta jiwe la mpaka namba arobaini na moja. Vipimo vyote vinaanzia hapo. Tumezunguka tangu asubuhi. Hii ramani ilichorwa mji bado ni kichaka."

Kibano kilimponyoka Dakika. Yeye na Breki ndio waliolijua jiwe hilo. Miaka minne nyuma wachimba mtaro walikuwa wameling'oa ng'ambo ya barabara na kulitupa kwenye tope, na wiki hiyohiyo mguu wa benchi ukavunjika. Wawili hao wakalibingirisha mpaka hapa, wakapumzika njiani mara tatu. Waraka wakati huo alikuwa hajastaafu wala kuhamia mtaani. Breki alikuwa amelikalia sasa hivi, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, breki zake zilishika.

"Jiwe lenye namba?" Waraka akaruka. "Breki, inuka! Inuka, bwana, serikali iko kazini!" Akapiga magoti, akafuta vumbi kwa kiganja. "Hili hapa! Arobaini na moja! Nimekuwa nikiliona kila siku!"

Wapimaji wakafurahi kama watu waliookota mtoto aliyepotea. Lakini yule mwenye ramani alikunja uso, akamgeukia fundi saa. "Mzee, wewe ndiye mkongwe hapa. Hili jiwe halijasogezwa?"

Dakika alikuwa mtu anayemwambia mteja ukweli hata kama saa ni ya kutupa. Alifungua mdomo. Akamwona yule mbwa mweupe wa gazetini.

"Kijana wangu," akasema, "tangu tulipoanza kulikalia, halijasogea hata unywele."

Breki alikohoa kahawa.

Wakasimamisha chombo chao, wakavuta tepu: mita thelathini moja kwa moja kuelekea nyuma. Kutoka mahali pa zamani tepu ingeishia mlangoni kwa Dakika. Leo ilipita ubavuni mwa kibanda, ikavuka uchochoro, ikagota kwenye ukuta wenye rangi mpya. Brashi ikaingia koponi. Alama kubwa nyekundu ikachorwa chini ya dirisha la Waraka.

"Hapana, hapo ninalala mimi!" Waraka akapaza sauti.

"Maendeleo yana maumivu," Shangazi akamkumbusha, akimimina kahawa bila kuinua macho.

Diwani alitoka mbio, povu la kunyolea shavu moja, taulo begani. Mwezi uliopita alikuwa amehutubia hapohapo kwamba kila mwananchi ajitolee kwa ajili ya jiji la dunia.

"Nani kawatuma? Jiji la dunia, jiji la dunia, kwani mji huu una haraka gani? Nakwenda mahakamani leo hii! Na hilo jiwe ni ushahidi. Mtu asiliguse, asilisogeze, mpaka hukumu itoke! Barabara isimame, vipimo visimame, kila kitu kisimame!"

Akaondoka na povu lake. Wapimaji wakakunja tepu, wakaaga kwa adabu.

Waraka alibaki kwenye benchi, gazeti limelala magotini. Dakika alimwonea huruma kidogo, akamsukumia kikombe dirishani.

"Waraka, ndugu yangu. Wewe umefanya kazi mahakama ya ardhi miaka thelathini na moja. Kesi kama hii huchukua muda gani?"

Waraka alifikiri kwa uaminifu wake wote wa kiofisi.

"Niliyoikuta siku naajiriwa," akasema, "niliiacha nikistaafu. Walikuwa bado wanatafuta faili."

Uso wake ukaanza kufunguka polepole. Breki akarudi kukaa juu ya ushahidi. Dakika akabana kioo chake jichoni.

"Shangazi, tuongezee kahawa. Muda upo."