Siku Niliyodai Saluti kwa Mke Wangu

Jamani, leo nimejivua nguo mchana kweupe. (Za mwilini nilikuwa nazo. Pengine bora zingekuwa hizo.) Nimekaa hapa nje ya nyumba ya baba, Iguguno, mwili mzima unawasha vumbi la alizeti, na ninawaandikia humu kundini mapema kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Maana mtaisikia.

Kwa wasiojua: mimi na mke wangu Rehema wote ni wanajeshi, na wote ni makapteni. Tulisoma kozi moja ya uafisa, na nyota ya tatu, ile ya ukapteni, tulivishwa siku moja, uwanja mmoja, jua lile lile.

Lakini kwenye kumbukumbu nikaandikwa kwamba nimepanda mwaka uliofuata. Kuna Kitundu mwingine, wajina wangu, wa kozi ya nyuma yetu. Tarehe yake ikaja kwangu, yangu ikaenda kwake. Mwenzangu alipoona amezawadiwa mwaka mzima, akanyamaza kama jongoo. (Simlaumu. Na mimi ningenyamaza.)

Mtu wa uraiani atasema, mwaka mmoja ni nini? Jeshini tarehe ya kupanda cheo ndiyo inayoamua nani akae mbele na nani ampishe nani mlangoni. Kwenye hafla za kikosi mke wangu anakaa mbele na wenzetu, mimi nakaa nyuma na vijana ambao juzi tu nilikuwa nawafundisha kulenga shabaha. Picha za pamoja ndiyo usiseme. Mama ana moja ameitundika ukutani. Mimi nimo. Naonekana sikio.

Hayo mtu unazoea. Lililouma ni kozi ya kwenda umeja. Kila wakiitwa wenzangu, mimi naambiwa muda wako kwenye cheo haujatimia. Mwaka huu nikaambiwa wazi kwamba tarehe isiporekebishwa kabla majina hayajapelekwa, ndiyo basi, umri nao utanipita. Nimefuatilia mpaka karani wa masjala akawa ananitambua kwa mlio wa viatu. Usingizi ulipungua. Chakula kikawa hakina ladha. Rehema ndiye anayejua.

Na huyo Rehema, niseme ukweli, hajawahi kunitambia. Labda kidogo. Nikigoma kuosha vyombo huwa anasema, taratibu kabisa, "Kapteni, unajua unaongea na nani?"

Naosha.

Basi, tuko likizo kwa wazazi wangu, na alizeti za baba mwaka huu zimekubali. Baba mkwe, Mzee Maganga, naye amekuja tangu jana kutoka Itigi na ndoo ya asali, kumwona mjukuu wake, Amani. Ni mstaafu wa reli. Mtu wa maneno machache, lakini likitoka moja, linafika kituoni.

Asubuhi tulikuwa uani tunapiga alizeti kwa fimbo. Simu yangu ikaita. Kutazama, Meja wa utumishi kikosini kwetu! Sasa hapa kwetu mtandao unashika vizuri juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi. Nikatupa fimbo, nikakimbia, nikalipanda lile jiwe kama pimbi.

"Jambo, afande!"

"Kapteni Kitundu, tulia kwanza. Jalada lako limepita. Tarehe imerudishwa pale ilipotakiwa. Uko na wenzako, na jina lako linakwenda kwenye kozi."

Nikaketi pale pale juu ya jiwe, macho yakajaa machozi. (Vumbi la alizeti, tuelewane.)

"Asante, afande. Asante sana."

"Sasa kuna jambo moja kuhusu mpangilio wa..."

Mtandao ukakata.

Hapo mtu mwenye akili angekaa juu ya jiwe angoje simu irudi. Mimi nikashuka.

Nilipowaambia, mama alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakatoka mbio. Rehema akaweka ungo chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya wazee, jambo ambalo huwa hafanyi. "Mungu mkubwa," akasema, na machozi yake hayakuwa ya vumbi. Ningeishia hapo! Nawaapia, ningeishia hapo, saa hizi ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Lakini baba akauliza. Ni swali lililokuwa linamsumbua kwa muda mrefu, nikimwangalia naona.

"Kwa hiyo sasa, kati yako na Mama Amani, nani mkubwa?"

Nikafikiri. Tarehe yetu sasa ni moja. Na kuna mtu aliwahi kuniambia kantini kwamba tarehe zikilingana, mkubwa ni yule aliyetangulia kuingia jeshini. Mimi nilimtangulia Rehema. (Ndiyo, kantini. Ndiyo, alikuwa na kinywaji mkononi.)

"Mimi, baba."

Rehema akanitazama. "Baba Amani, una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hakika kabisa?"

"Kapteni," nikasema, nikajikohoza kidogo, "unajua unaongea na nani?"

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema mbuzi achinjwe. Majirani waliokuwa wanatusaidia kupiga alizeti wakaacha fimbo zao. Mmoja akasema, "Sasa si atoe saluti tuione!" Na mimi, badala ya kusema hapana, mambo ya kazini yaachwe kazini, nikasimama wima.

"Saluti haipigwi kichwa wazi," akasema Rehema. Alikuwa ametulia sana. Utulivu ule ulipaswa kunishtua, maana ndoa yetu si ya jana. Baba akavua pama lake la shambani, akamkabidhi. Akalivaa, akalinyoosha, akabana visigino kwenye makapi ya alizeti, na akapiga saluti safi ambayo hata kwenye gwaride kubwa sijawahi kuiona. Kanga yake haikutikisika.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitika kwa kichwa, polepole, kama jenerali.

"Mguu pande," nikamwambia. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Kapteni, tuletee chai."

Mama alisema kitu kwa Kinyiramba ambacho sitakitafsiri. Baba mkwe alinitazama tu kama mtu anayetazama treni iliyoshika njia siyo. Rehema akasema, "Sawa, afande," akaleta chai. Akaniwekea na kiazi cha kuchovya kwenye asali.

Tulipokuwa tunakunywa, simu ikaita tena. Meja! Nikainuka kwenda kwenye jiwe, baba naye akainuka. Alitaka kumshukuru mkubwa wangu kwa mdomo wake mwenyewe. Baba akienda, baba mkwe hawezi kubaki. Wazee wakienda, majirani wanabaki kufanya nini? Mimi nikapanda, wao wote, Rehema na mama nao, wakalizunguka jiwe. Nikaweka spika. (Mimi mwenyewe! Kwa kidole changu!)

"Shikamoo, mzee," Meja akasema alipoambiwa ni baba yangu.

"Marahaba, baba. Tunashukuru sana kwa kumpigania mtoto wetu."

"Mzee, mimi nimepitisha tu. Mshukuruni mkwe wenu, Kapteni Rehema. Bila yeye jalada lingelala."

Nikageuka kumtazama Rehema. Alikuwa anachunguza makapi yaliyoshika kwenye kanga yake.

"Unajua, mzee," Meja akaendelea, "tuliwauliza viongozi waliokuwepo siku ile: mnamkumbuka Kitundu akivishwa ukapteni? Hakuna hata mmoja. Ndipo Kapteni Rehema alipokuja kutoa maelezo. Akasema, waulizeni kama wanamkumbuka yule aliyebanduka soli."

Nikajaribu kuzima spika. Vidole vilikuwa na asali.

Wengi wenu hamjui habari hii, na nilipanga msiijue mpaka nife. Siku ile, nikienda kwa mwendo wa gwaride kuvishwa cheo, soli ya kiatu cha kulia ilibanduka. Nikaenda kwap, kwap, kwap, kama bata, mpaka mbele ya mkuu wa kikosi. Nilimwapisha Rehema asiitaje kwa mtu. Na kila nilipoandika malalamiko yangu kuhusu tarehe, niliandika tu kwamba nilikuwepo, sikuigusa soli.

"Wote wakakumbuka!" akasema Meja. "Mkuu wa wakati ule amestaafu, tulimpigia, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, yule wa soli? Nilimvisha kwa mikono yangu, na nilijiuma ulimi nisicheke."

"Afande," nikasema kwa sauti ndogo, "na hiyo imeandikwa kwenye jalada?"

"Ndiyo ushahidi wenyewe, Kapteni. Haiwezi kutoka."

Majirani walikuwa wameshika matumbo. Mama alikuwa amekaa chini. Nikasema moyoni, sawa, nimeaibika, lakini nina tarehe, nina kozi, na nyumbani kwangu nina ukubwa. Ndipo Meja akaendelea.

"Sasa lile nililotaka kusema asubuhi. Wewe na Kapteni Rehema mko tarehe moja. Kwenye tarehe moja tunafuata matokeo ya kozi ya uafisa. Kapteni Rehema alikuwa wa tatu. Wewe..."

Tukasikia karatasi inafunuliwa.

"Ngoja. Uko ukurasa wa pili."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Upepo ulipita tu, mbuzi aliyehukumiwa akalia kule zizini. Halafu Mzee Maganga, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatamka neno, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "na ile saluti aliyopiga binti yangu, imekwenda wapi?"

Rehema akavua lile pama, akapanda jiwe, akanivalisha. Akalinyoosha vizuri, kama anayemvalisha Amani sweta. Nikabana visigino. Mguu ukateleza kwenye jiwe, nikayumba, nikasimama tena, nikapiga saluti. Watu walipiga makofi kuliko mara ya kwanza.

"Kapteni Kitundu?" Meja akaita kwenye simu. "Bado uko hewani?"

Alasiri, watu walipotawanyika na nyama kuisha, nilimfuata Rehema jikoni. Nikamuuliza, ulijua muda wote kwamba tarehe ikirekebishwa bado utakuwa juu yangu?

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia pale uani?"

"Nilikuuliza kama una uhakika," akasema. "Mara mbili." Akaendelea kupepeta mchele. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ulikuwa umekonda, Baba Amani. Hukuwa unalala. Ningewaambia habari ya soli hata kama wangetaka nije niigize mwendo."

Nilikaa naye pale mpaka wali ukaiva. Chai nilikoroga mimi.

Kwa hiyo kozi naenda, na hilo ndilo kubwa, namshukuru Mungu. Ila ninyi wa kundi hili, hasa mliokuwa nami uwanjani siku ile, naomba mcheke kimya kimya. Mama yangu naye ni mwanachama humu. Nimetoka kusikiliza ujumbe wa sauti aliowatumia, ni mrefu, na hauna neno hata moja. Ni kicheko mwanzo mpaka mwisho.