Tabasamu Lililopauka

Jumatatu, 9 Machi

Balaa tangu asubuhi. Printa kubwa ya duka letu la mabango imeanza kupausha rangi. Nimechapa kipande cha kujaribu cha bango la daktari wa meno: mwanamke anacheka, midomo myekundu, nyuma yake pazia jekundu. Meno yametoka meupe pe! Midomo imetoka rangi ya majivu. Na bango linachukuliwa Ijumaa.

Printa ni mali ya mama mkwe. Mimi naiendesha tu. Leo kanikumbusha, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba bango hili likiharibika printa inahamia kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, anayeuza vioo vya simu mlango wa pili. Kasema hana ubaya na mimi, mwanangu. Mama mkwe akisema "mwanangu", shika kitu usianguke.

Shemeji naye kapita, kachungulia, kauliza huyo dada kaja kung'oa jino au kuaga dunia. Nikacheka naye. Nikaenda chooni kuacha kucheka.

Jumanne, 10 Machi

Kitabu cha printa kinasema: safisha kichwa, kile kinachonyunyiza wino, mara moja, kisha iache ipumzike. Nikasafisha. Nikatazama. Nikasafisha tena. Na tena. Wasiwasi hauna breki. Kila nikibonyeza, printa inakunywa wino mzima na kuukojoa kwenye chupa ya uchafu. Nikachapa mistari ya majaribio. Bluu imenyooka, njano imenyooka, nyeusi imenyooka. Nyekundu ina mapengo matupu. Nayo inahitaji daktari wa meno!

Mke wangu kasema niite fundi. Nikamweleza taratibu kwamba fundi hunywa chai na shemeji, na chai ile ina masikio. Kabla ya adhuhuri mama mkwe atakuwa na habari. Kasema basi nikae na majivu yangu. Nikamjibu kwamba nina mpango.

Sina.

Jumatano, 11 Machi

Ninao!

Daktari atalinganisha bango na sampuli, ile karatasi tuliyomchapia mwezi uliopita printa ikiwa nzima. Aliikubali akaiacha hapa dukani. Vizuri. Bango likishindwa kupanda hadi kwenye sampuli, sampuli ishuke hadi kwenye bango. Akili ni nywele, na mimi leo sina upara.

Nimeitandaza juu ya bati, jua la kupasua mawe. Jiwe kila pembe, maana upepo hauna adabu. Nimepanda na kushuka na kitambaa chenye spiriti kulisaidia jua, nikifuta polepole, nikiyazunguka mawe. Mshona viatu wa nyuma kauliza nafanya nini huko juu. Nikasema naanika. Kauliza naanika nini. Nikasema karatasi. Hakuuliza zaidi, ila kamwita mkewe aje aone.

Jioni nimeilaza sampuli kando ya kipande cha kujaribu, midomo kwa midomo. Pacha! Sehemu nyingine sikuangalia, midomo ndiyo biashara. Nikaviringisha sampuli, nikaitia kwenye droo. Leo nitalala.

Alhamisi, 12 Machi

Nimetoka kidogo kununua kamba za bango. Narudi, miguu ya fundi imechomoza chini ya printa! Mke wangu kamwita. Mke wangu!

Fundi kauliza nani huizima printa kwa swichi kuu ya ukutani. Nikasema ni mimi, kila jioni, kwa utaratibu: dirisha, feni, taa, swichi kuu. Kasema printa izimwe kwanza kwa kitufe chake, kichwa kirudi kwenye kifuniko. Umeme ukikatwa ghafla, kichwa kinalala wazi na wino unakaukia kwenye matundu. Mke wangu akanitazama. Mimi nikakagua dari.

Kabadilisha kichujio, kaosha matundu kwa dawa. Tukachapa bango zima. Midomo pilipili tupu! Pazia linawaka moto! Mke wangu akapiga makofi. Nikapiga na mimi, mikono ikagandia hewani.

Sampuli!

Ijumaa, 13 Machi

Wamekuja wote: daktari, mama mkwe, na shemeji ambaye hakuna aliyemwita. Daktari kalisifu bango, kisha kaomba sampuli alinganishe. Nikasema imepotea. Mke wangu, Mungu amsamehe, akasema iko kwenye droo.

Ikafunguliwa. Daktari kauliza karatasi imepaukaje ndani ya droo. Na kama wino wetu unapauka gizani, bango lake litafika Jumapili huko juani? Mama mkwe akaniita mwanangu. Nikashika meza. Nikisema wino ni mbovu, printa imekwenda. Nikisema ukweli, nimekwenda mimi. Nikasema ni vumbi.

Shemeji akanyoosha kidole. Kwenye pembe nne za sampuli kulikuwa na madoa mekundu yanayong'aa, ukubwa wa mawe. Kauliza vumbi gani hili linaloruka pembe. Mshona viatu, aliyesimama mlangoni kwa sababu zake mwenyewe, akasema kumbe ndiyo ile aliyoniona nikiianika na kuifuta juu ya bati!

Mama mkwe akachukua pembe moja, akailaza juu ya pazia la bango. Nyekundu ileile. Daktari karidhika, kabeba bango lake, kanishauri nipumzike. Printa haiendi kwa shemeji! Nikashusha pumzi.

Nilishusha mapema. Mama mkwe kaomba funguo za duka, kamkabidhi binti yake. Kuanzia leo mke wangu ndiye bosi, mimi msaidizi. Shemeji akanipa pole kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Machi

Bosi kabandika karatasi juu ya swichi kuu: USIZIME HAPA PRINTA IKIWAKA. Maandishi mazuri. Yatawasaidia wageni.

Nimeipitia wiki yote kwa utaratibu, na kosa nimeliona. Mawe! Ningetumia vipande vya kioo, jua lingepenya hadi kwenye pembe, na funguo zingekuwa mfukoni mwangu. Shemeji ana vioo tele. Jumatatu nitamwomba vinne, bila kusema vya nini.

Jioni bosi katangulia nyumbani, kaniachia nifunge. Nimefunga vizuri. Dirisha. Feni. Taa. Kichwa cha printa kilikuwa bado kinatembea katikati ya reli, hakina haraka hata kidogo. Mimi ninayo.

Swichi kuu.