Nusu Kilo ya Heshima

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu azizi, pokea salamu zangu nyingi, na uniwie radhi kwa kukutupa siku tisa. Nimo mafunzoni. Tunafundishwa kupima ukuaji wa watoto kijijini, kwa kujitolea. Muuguzi anayetufundisha ameagiza kila mtoto apimwe bila nguo. Bila nguo, mbele ya halaiki! Niliinamisha macho. Ijumaa ataamua nani akabidhiwe mizani. 

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Fundi cherehani, mwanafunzi mwenzangu na mpinzani wangu, huwavua watoto kana kwamba anawapima sare. Mimi wangu nilimpima na sweta, kofia na viatu. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ukapanda. Mama yake alitabasamu hata nikasahau goti langu linaloniuma.

Jumatano, 6 Machi

Zamu ya mjukuu wangu, miezi kumi na mmoja. Kilo saba na robo, pamoja na sweta. Mwezi jana alikuwa saba na nusu. Mkaza mwanangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, anaendelea vizuri?" Watu wamejaa. Ningemwaibishaje? Nikaandika saba na robo tatu. Nusu kilo ya heshima tu. 

Alhamisi, 7 Machi

Fundi cherehani alipita nyumbani kuniamkia, ndivyo alivyodai. Akamzungushia mjukuu utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono. Njano: hatarini. Akaitazama kadi, kisha mimi.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Hii nusu kilo uliyomwandikia, mtoto aliila lini?"

Mkaza mwanangu akaketi chini. Kumbe mtoto anaharisha wiki ya pili. Angempeleka kituo cha afya jana. Kadi yangu ndiyo iliyomtuliza. Akambeba mgongoni, akatoka bila kuniaga. Sikuthubutu kumfuata.

Ijumaa, 8 Machi

Mjukuu amelazwa. Anakunywa dawa, ameanza kula. Nimeshukuru Mungu mpaka sauti ikakauka. Mizani kapewa fundi. Muuguzi, kwa huruma, ataniruhusu nimsaidie iwapo nitaeleza kwa barua nilichojifunza.

Nimeandika kurasa tatu, mbili za kuomba radhi. Kosa nimelitambua: nilimpendelea mmoja. Kuanzia Jumatatu nitawapunguzia watoto wote nusu kilo, na sweta zao mwilini, ili kina mama wapelekwe kituoni kwa pamoja na asiaibike hata mmoja.

Barua ataipeleka fundi cherehani. Nimemsihi asiifungue. Amekubali upesi mno.