Nahodha wa Mfereji

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika maparoko watano, dume la ng'ombe lililonitoboa paja, na daktari aliyeniambia mwaka 1988 niache pombe ya mbege la sivyo sitamaliza mwaka. Mwaka niliumaliza. Yeye hakufika kustaafu. Bei ya kahawa nimeiona ikifa mara tatu. Mimi Thadeus bado nipo hapa Kilema, na meno tisa.

Shule nilifika darasa la tatu. Lakini la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri ni la nne. Daftari hili nimelikuta juu ya kabati. Lina twiga kwenye jalada. Siandikii watu. Naandika ili ushindi wangu usipotee.

Jumamosi tuna uchaguzi wa mwenyekiti wa mfereji wa maji ya mashamba. Nimekuwa mwenyekiti miaka ishirini na tisa bila mpinzani. Sasa Mwalimu Elisifa, mstaafu, kachukua fomu. Fomu yenyewe kaiandika yeye! Sisi hatukuwahi kuwa na fomu. Tulikuwa na mimi.

Anasema maji ya Jumatano, zamu ya mjane Dominika kule chini, hayafiki. Yanapotelea njiani. Kauliza mbele za watu yanapotelea wapi. Anauliza huku kakazia macho migomba yangu.

Sasa hapa niseme kweli, daftari ni langu. Jumatano huwa nafungua lango la kwangu kidogo. Si wizi. Ni ukaguzi. Utajuaje kama maji yanapita usipoyapitisha mahali?

Mke wangu Theodora kasema migomba yetu imekaguliwa mpaka imepata kitambi.

Jumanne, 11 Februari

Nimeshuka Moshi mjini kununua mpini wa jembe. Nimerudi na mpini na akili mpya.

Dukani kwa Abdulkarim, muuza vifaa vya ujenzi, kuna picha ukutani. Wanaume kumi na moja wenye suruali nyeupe, kama maharusi waliokosa wanawake. Katikati kashika kombe yeye mwenyewe. Kumbe alikuwa nahodha wa kriketi miaka kumi na miwili! Makombe tisa! Nikamwambia mbona sisi wa mlimani hatukusikia. Akasema, Shikamoo mzee wangu, nyie mlikuwa mmeinamia kahawa.

Kriketi ni hivi. Mmoja anarusha mpira. Mwingine anaupiga kwa ubao. Nyuma yake vijiti vitatu, vinaitwa wiketi. Vikiangushwa, katoka. Wengine wametawanyika uwanjani wanasubiri mpira. Mchezo unaweza kwenda siku tano, na katikati wanasimama kunywa chai. Nikajua hapo hapo kwamba huu ni mchezo wa wazee.

Nikamuuliza siri ya kushinda. Kijana huyu (ana miaka sitini na mbili) akanipa masomo. Nimeyaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji.

La kwanza. Panga watu wako kabla mpira haujarushwa. Akapanga vikombe na bakuli la sukari juu ya meza, duara kubwa, kila mmoja na mahali pake.

La pili. Mtie mpigaji wasiwasi. Afikirie mambo mengine badala ya mpira.

La tatu ndilo limenimaliza. Linaitwa kutangaza. Timu yako ikishapata mikimbio, yaani alama, za kutosha, nahodha anasema basi, natangaza, sisi hatupigi tena. Hata kama wapigaji wake bado wapo! Lo! Mwanamume anajiamini kiasi hicho! Abdulkarim aliendelea, akasema halafu wale wengine ndio sasa... lakini mkewe Rahma akaingia na chai na vitumbua, mwisho sikuusikia vizuri.

La nne lilihusu kukubali kosa mbele ya watu wako. Sikuliandika. Mfuko wa saruji ulikuwa umejaa.

Jumatano, 12 Februari. Asubuhi

Somo la pili leo. Kumtia Elisifa wasiwasi.

Nimechuma jani la sale pale mpakani mwa kihamba changu, shamba la nyumbani, nikalifunga fundo. Kwa sisi Wachagga sale ndilo jani la msamaha. Mtu akikukosea anakuletea, na ukishaletewa huwezi kukataa kusamehe. Sasa fikiri. Elisifa anaamka, anakuta sale mlangoni, halina mwenyewe. Nani kamkosea? Kosa gani? Jirani? Shemeji? Atawachunguza wote. Atagombana na nusu ya kijiji kabla ya Jumamosi. Abdulkarim mwenyewe asingeliwaza hili!

Nimemtuma Mathew, jirani na ndugu yangu wa damu, mtu mwaminifu sana. Nimemwambia weka mlangoni, ondoka.

Nikisubiri, nimekagua maji kidogo.

Jumatano. Mchana

Mathew ni mwaminifu mno.

Kafika, kamkuta Elisifa uani anachambua maharage. Elisifa kamuuliza jani la nani. Kamjibu la Mwenyekiti. Nikamuuliza Mathew kwa nini hakunyamaza. Kanishangaa. Kasema, Meku, yaani mzee wangu, sale haliendi bubu, hata wewe unajua. Halafu Elisifa kauliza Mwenyekiti anaomba msamaha wa kosa gani. Mathew kafikiri. Akasema, nadhani ni yale maji.

Nadhani!

Alhamisi, 13 Februari

Kijiji kizima kinajua. Niko njiani kwenda kwa Tabitha kununua chumvi, watu wananipa mkono. Hongera Meku, umeonyesha ujasiri. Jacob, ambaye hajanisalimia tangu nilipompa zamu ya Jumapili wakati wa misa, kavua kofia.

Nikataka kusema sikukiri chochote. Nikajizuia. Maana nikisema sikukiri, basi nilichezea sale. Na kuchezea sale ni kubaya kuliko maji. Baba yangu angetoka kaburini kunichapa. Kwa hiyo nimenyamaza, nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Shingo inauma, haijazoea.

Mchana Dominika kapanda kutoka chini, polepole, goti lake linajulikana. Kaleta kiburu cha ndizi na maharage kwenye sufuria iliyofunikwa jani. Kasema amenisamehe. Kasema mwaka jana miche yake ya kahawa ilikauka yote arobaini, akawa anajiuliza amemkosea nini Mungu. Sasa amefurahi kujua ni mimi tu.

Arobaini. Sikujua ilikuwa arobaini.

Nikala kiburu. Nusu nikaiacha. Ni maharage, hayakuiva vizuri.

Theodora alikuwa ananitazama. Sikumwuliza anatazama nini.

Ijumaa, 14 Februari

Leo siandiki kitu. Nimepachika mpini.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya siku. Nimevaa koti la harusi ya Victoria, binti yetu.

Kwanza msaragambo. Kila mwaka kabla ya mvua za masika wote tunatoka kusafisha mfereji. Nikatumia somo la kwanza. Nikapanga watu kama vikombe vya Abdulkarim, duara kubwa, kila mmoja na mahali pake. Matatizo yakatokea. Uwanja wa kriketi ni duara. Mfereji umenyooka. Kwa hiyo watu wawili wakawa ndani ya mfereji, na hamsini wakawa wamesimama kwenye mahindi na migomba ya watu wameshika majembe. Jacob alikuwa katikati ya kahawa ya Tabitha. Akapaza sauti kuuliza Meku, huku nasubiri nini? Nikamjibu asubiri uchafu ukimjia.

Tabitha akamwambia Jacob asikanyage kahawa yake, na asubirie kwao.

Elisifa hakucheka. Angecheka ningemjibu. Aliingia tu mferejini na jembe lake, akaanza kutoa tope, na wote mmoja mmoja wakamfuata. Nikatangaza kwamba ndivyo nilivyopanga.

Kisha kura. Hapa niandike polepole nisikosee.

Kura moja kila kaya. Unasimama nyuma ya unayemtaka. Wanaanza watu wa chini, kisha wa kati, mwisho sisi wa juu. Beatrice, katibu, anahesabu. Wa chini nilijua ni wa Elisifa wote, maana wao ndio maji hayawafikii. Nimejiandaa kwa aibu. Mara Dominika huyo, na goti lake, anakuja. Anapita mbele ya Elisifa. Anasimama nyuma yangu!

Akasema kwa sauti kwamba mtu aliyeleta sale mwenyewe bila kukamatwa, huyo unaweza kumwachia maji.

Wengine wakamfuata. Jacob! Tabitha naye, pamoja na kahawa yake! Mpaka wa chini na wa kati wanakwisha, Beatrice anasoma ishirini na moja kwangu, kumi na nne kwa Elisifa. Ishirini na moja! Bado wa juu, kaya kumi na saba, na tisa kati yao ni ndugu zangu wa damu na mimi nikiwemo.

Moyo ukapanda. Nikaiona ile picha ukutani. Suruali nyeupe. Kombe. Nikakumbuka somo la tatu.

Nikapanda juu ya jiwe. Nikasema, NATANGAZA! Upande wangu tumetosheka. Ndugu zangu wa juu, kaeni chini, msipige kura.

Beatrice kaniuliza Meku una hakika. Nikamwambia nahodha haulizwi. Kauliza tena. Theodora akanivuta koti mpaka kifungo kikaruka, na kile kifungo hakina mwenzake tena. Akasema, Baba Victoria, shuka kwenye hilo jiwe. Sikushuka. Ndugu zangu ni watu wa heshima, nikisema kaeni wanakaa. Wakakaa wote nane kwenye majani. Mathew kakaa wa kwanza.

Ndipo wale wanane wengine wa juu wakainuka. Nikawaambia nimeshatangaza. Wakasema umetangaza upande wako, sisi si upande wako. Wakaenda, mmoja mmoja, bila haraka, nyuma ya Elisifa.

Beatrice akasoma. Elisifa ishirini na mbili. Thadeus ishirini na moja.

Moja! Na kura yangu mwenyewe bado ninayo, sijaipiga.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nimempigia Abdulkarim simu. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka simu ikaanguka, nikasikia Rahma akimuuliza nani kafa. Aliporudi akasema, mzee wangu, ukishatangaza ndipo wale wengine wanaingia kupiga! Ndiyo maana unatakiwa uwe umewaacha mbali sana. Kura saba si mbali. Kisha akasema kitu cha ajabu, kwamba somo la nne ndilo lililoniletea zile kura ishirini na moja, na la tatu ndilo lililoniondoa. Nikamwambia la nne sikuwa nalo kwenye karatasi.

Jioni mapema Elisifa kaja. Kakaa kwenye kigoda changu cha mwenyekiti, hakuambiwa. Nilidhani kaja kunicheka. Kasema, Meku, mfereji huu unaujua kuliko sisi sote, na Dominika kaomba jambo. Kila Jumatano ulinde lango, uhakikishe maji yamefika kwake mpaka miche mipya inywe. Theodora akajibu kabla yangu kwamba nimekubali.

Nimefikiri sana. Nimeelewa sasa. Abdulkarim alinionyesha kwenye picha yule anayesimama nyuma ya vijiti, amevaa glavu kubwa. Mlinda wiketi. Ndiye anayeona uwanja wote. Na mimi nimepewa lango! Kwa hiyo Elisifa anaitwa mwenyekiti, lakini nahodha ni mimi. Sijamwambia. Mwache afurahi.

Kosa langu moja tu, nimeligundua nikila ndizi. Nilichelewa kutangaza. Ningetangaza mapema, kabla ya mtu yeyote kupiga kura, wale wanane wasingepata nafasi ya kujipanga. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Nitakuwa na themanini na mbili. Elisifa ana presha.

Jumatano nitashuka kwenye lango asubuhi na jembe langu. Maji yataenda kwa Dominika. Yote. Kwanza nitasimama pale nione miche imekunywa mpaka udongo umelowa. Baada ya hapo, kidogo tu, kijito kama kidole, nitakipitisha kwangu. Mlinda lango asipokagua, nani atakagua?

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeniamini amuulize Abdulkarim pale dukani, atazame na picha. Theodora asimuulize, ana maneno yake. Lakini wa kuaminika kabisa ni Mathew. Nimemwambia ukaguzi wa Jumatano ni siri yetu wawili, na ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo.